Kufunga Vikapu Mbele ya Mama Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suruali ya kitambaa iliyopigwa pasi vizuri na shati jeupe la mikono mirefu, nikijua nakwenda kuwa karani. Ofisa Utumishi, mtu mnene aliyependa kunywa chai kwa sauti, alinitazama kuanzia viatuni kwenda juu. Alichukua muda kufika utosini. Kisha akasukuma karatasi mbele yangu.

"Saini hapo. Cheo chako karani wa bohari."

"Bohari yenyewe iko wapi, mzee?"

"Ya nini?"

"Nikaripoti."

Alicheka mpaka chai ikamwagikia kwenye kisahani. "Kijana, wewe utaripoti uwanjani saa tisa na nusu. Bohari ina wenyewe."

Vijana wa timu yetu ya hapa Songea wameniomba niandike mafanikio yangu. Neno hilo "mafanikio" ni lao. Wanataka kujua mtu aliyezaliwa Matogoro aliwezaje kuwa mfungaji mkubwa wa mpira wa kikapu wakati ambapo wengi hapa walikuwa hawajauona mpira wenyewe. Nitawaeleza. Lakini mnivumilie, maana kila nikisifiwa kwa kazi ile naona haya, na haya hiyo ina sababu yake. Kazi yangu ilikaribia kuninyima mke, na aliyeiokoa ndoa yangu alilipia kwa aibu yake mwenyewe mbele ya mji mzima.

Zamani hizo hapakuwa na mtu aliyeitwa mchezaji wa kulipwa. Mashirika ya umma yalikuwa na timu, na kila shirika liliwaajiri wachezaji kwa vyeo vya ofisini: huyu tarishi, yule fundi bomba, mwingine dereva asiyejua kuwasha gari. Mshahara ulitoka mwisho wa mwezi kama wa watumishi wengine. Asubuhi tulikimbia ufukweni, mchana tulilala, jioni tulicheza. Wale waliokuwa wakifanya kazi zetu mezani walitusalimia kwa heshima, nasi tuliitikia huku tukitazama pembeni.

Kocha Mkuu alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, mwenye filimbi shingoni hata msibani. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Nilikuwa nimetoka shule nikijua kurusha mpira kwa mabega, kama mtu anayetupa jiwe kwenye embe. Alinishika kiwiko akakiweka chini ya mpira, akanikunja kiganja, akasema, "Bega linasukuma tu. Kinachofunga ni hiki." Tulirudia jambo hilo moja mpaka ukucha wa kidole cha kati ukawa unauma. Baada ya mpira kutoka, mkono ulipaswa kubaki juu, umelegea, kama unataka kuchukua kitu juu ya kabati. Ukiushusha mapema alikuchapa kwa kamba ya filimbi.

Alinifundisha pia kwamba mrefu mvivu ni mzigo. Nilicheza senta, yule anayekaa karibu na goli, na kazi ya senta nusu yake ni rebaundi, yaani kudaka mpira uliogonga ubao au chuma ukarudi. Watu hudhani rebaundi ni ya anayeruka juu. Si kweli. Ni ya aliyeweka kalio lake mahali pazuri mapema, akamziba mwenzake. Na mtupo huru, ule unaopewa baada ya kuchezewa vibaya, unasimama peke yako na kila mtu anakutazama: huo hauhitaji nguvu, unahitaji kusahau kwamba unatazamwa. Somo hilo la mwisho ndilo lililonishinda siku moja tu katika maisha yangu, na siku hiyo ndiyo nitakayoisimulia.

Basi hayo mafanikio. Nilikuwa mfungaji bora wa ligi, tena si msimu mmoja. Nilivaa jezi ya taifa nikaenda nayo Nairobi, Kampala na Lusaka. Shirika lilinihamishia tawi la Tanga likitaka timu ya pale ipande daraja, ikapanda, nikarudishwa makao makuu Dar es Salaam. Watangazaji wa redio waliniita Ngongoti kwa sababu ya urefu, na jina hilo likalimeza lile nililobatizwa. Nilipoteremka basi watoto walinifuata, na kuna mama lishe mmoja Tanga aliyekataa katakata nilipe wali. Naandika haya uso umeniwaka.

Sasa nizungumzie kaptula. Ninyi wa leo mnacheza na kaptula zinazofika magotini, pana kama magunia ya mahindi. Za kwetu ziliishia mahali ambapo mtu mzima hapaonyeshi hata kwa daktari bila kuulizwa kwanza. Kwa mtu mfupi zilikuwa afadhali. Kwangu mimi, mwenye mapaja marefu kama nguzo, ilikuwa balaa. Tena zilikuwa za kitambaa cha kung'aa. Kule Dar hapakuwa na aliyejali, nami nilizoea, kama mtu anavyozoea kelele za jirani.

Wakati huo nilikuwa nimeposa nyumbani. Skolastika alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, binti wa mama mmoja mjane wa Matogoro aliyeuza maharage sokoni Majengo. Mshenga wangu alikuwa Mzee Haule, rafiki wa marehemu baba. Alipoulizwa kazi yangu alisema karani wa bohari, maana ndivyo karatasi ilivyosema, akaongeza kwamba jioni nacheza mpira kidogo kwa ajili ya afya. Mama yule alikubali. Harusi ilipangwa baada ya mavuno.

Hapa lazima nieleze heshima ya ukwe, kwa ajili ya vijana wanaokumbatiana na wakwe zao kwenye kumbi za sherehe. Siwalaumu, ila mimi nikiona hutafuta pa kuuficha uso. Kwetu Wangoni, kama nilivyolelewa, mama mkwe huheshimiwa kwa mbali. Ukikutana naye njiani unaingia majanini apite. Humtazami usoni, naye hakutazami. Huli mbele yake. Ukiwa na neno naye linapita kwa mtu wa tatu, hata kama mko chumba kimoja. Kumwonyesha mkwe wako mwili ulio wazi ni kumtukana, na mama aliyetukanwa hivyo ana haki ya kusimama na kuondoka. Akiondoka mbele ya watu, basi kakataa. Hakuna mshenga wa kurudisha posa hiyo.

Mwaka huohuo fainali ya kombe la mashirika ikaletwa Songea, kufungua uwanja mpya wa saruji pale Majengo. Tulipokuwa tunateremka Njombe, Meneja Mkuu wa shirika, ambaye kwa kawaida hakupanda basi la timu, alisimama akashika chuma cha kiti.

"Bodi imechoka kulipa makarani wasiojua kuandika," alisema. "Kombe hili likipotea, timu inavunjwa na wote mnarudi makwenu. Ngongoti, wewe ndiyo uko kwenu. Usituaibishe kwenu."

"Sawa, mzee," nilijibu, na moyoni nilikuwa nafurahi. Nilidhani aibu ni kushindwa.

Ofisa Utamaduni wa mkoa alikuwa mtu mwema kutoka Kanda ya Ziwa. Aliposikia kwamba mchezaji mashuhuri ana mchumba hapahapa, akaona awape heshima. Alipeleka gari Matogoro na mwaliko wa mdomo: mama wa bibi harusi mtarajiwa atakaa mbele kabisa, mstari wa wageni rasmi. Skola alijaribu kumzuia mama yake. Baadaye aliniambia majibu aliyoyapata: "Nikikataa watasema namdharau mkwe wangu." Kwa hiyo alikuja kwa sababu ya heshima. Alivaa kitenge kipya na kilemba, akapandishwa gari la serikali, akaketishwa kwenye kiti cha mbao hatua chache kutoka kwenye mstari wa uwanja, Skola akisimama nyuma yake.

Nilimwona tukiwa tunapasha moto misuli. Nilikuwa bado na suruali ya trakisuti. Macho yangu yaligonga kilemba, nikayashusha haraka, mpira ukanipita ukaenda zake hadi kwenye miguu ya wacheza ngoma.

"Vua, tunaanza," Kocha Mkuu alisema.

"Kocha, siwezi."

"Umeumia?"

"Mama mkwe wangu amekaa pale."

Alitazama, akanitazama mimi. "Si ndiyo vizuri? Mimi mkwe wangu ananiona kila Ijumaa, tunakula naye."

Kocha Msaidizi alikuwa Mhehe. Ninyi mnajua utani wetu na Wahehe, na kwa miaka yote hakuwahi kunipitishia siku bila kejeli. Siku hiyo hakutania. Alimvuta Kocha Mkuu kando, nikamsikia akisema, "Huyu akivua pale, Kocha, mke hana." Nikaomba nicheze na suruali. Mwamuzi akatikisa kichwa: sare ni sare, mchezaji wa tano hawezi kuvaa tofauti na wanne. Nikaomba Ofisa Utamaduni amhamishe mama nyuma. Akashtuka. "Nimwinue mgeni rasmi mbele ya Mkuu wa Mkoa? Watu watasemaje?"

Nikakaa benchi, nimefunika mapaja kwa taulo juu ya suruali, utadhani mgonjwa wa homa. Kipindi cha kwanza wapinzani walitufanya walivyotaka. Senta wao alidaka kila kitu. Watu wa Songea walikuwa wameacha mashamba na maduka waje kumwona mtoto wao, walianza kwa kuimba "Ngongoti! Ngongoti!" na walipoona sinyanyuki, wimbo ukageuka. "Amekuja kwao kuringa!" mmoja akapiga kelele. "Huku kwetu si Dar, eti?" Meneja Mkuu alikuwa amekaa amekunja mikono, ananitazama, na niliona timu nzima, wake zao na watoto wao, juu ya lile taulo langu.

Nikajiambia nivue tu. Nikafungua kamba ya suruali, nikaifunga tena. Nilikuwa mtu mzima mwenye jina redioni na nilitaka kulia.

Yaliyotokea upande wa pili nilisimuliwa na Skola. Mama yake alisikia yale matusi, akamuuliza, "Mbona mwenzenu hachezi?"

"Kwa ajili yako, mama. Nguo zao unaziona."

"Nikiondoka?"

"Watasema umemkataa."

Mama akatengeneza kilemba chake. Kisha akasimama. Hapo mimi nilimwona, kwa pembe ya jicho, kile kilemba kikipanda juu, na nikajua yamekwisha. Sikufikiria kombe wala bodi. Nilimfikiria Skola.

Hakuondoka. Alikishika kile kiti kwa mikono miwili, akakiinua, akakigeuza nyuma mbele, akakaa. Akavuta upande wa kitenge akajifunika kichwa. Uwanja mzima ukawa unaona mgongo wake, naye akawa anatazama watu.

Kisha mtu akacheka, na mwingine, na kicheko kikazunguka uwanja. Mshereheshaji aliyeshika kipaza sauti naye hakuwa na adabu. "Mama pale mbele," alisema, "samahani, mpira uko huku!" Watu walivunjika mbavu. Mgeni rasmi mzima, mstari wa mbele, kaupa mchezo mgongo! Mama hakugeuka wala hakutikisika. Watu waliokuwa mbele yake walimcheka usoni, naye akaendelea kukaa.

Kocha Msaidizi alinigusa bega. "Mngoni," alisema, "umefunguliwa mlango. Pita."

Nikavua.

Wazee waliokuwepo bado wananihadithia mchezo ule, nami huwaachia wahadithie. Nilifunga kwa mkono wa kulia, nikafunga kwa kushoto, niliziba, nilidaka, niliruka kama mtu anayefukuzwa. Pointi nilizofunga katika kipindi kimoja ndizo nyingi kuliko zote nilizowahi kufunga, na zikanipa medali ya mfungaji bora wa mashindano. Lakini kila nilipofunga na watu wakalipuka, kuna waliomwonyesha kidole yule mama, wakicheka upya kwamba amekosa na hili pia. Nilikuwa nikifunga ili timu ipone, na kila kikapu kilimwongezea yeye kicheko. Mwishoni nilipewa mitupo huru miwili. Uwanja ukanyamaza. Nikashindwa kusahau kwamba natazamwa, kwa sababu yule peke yake ambaye hakuwa ananitazama ndiye niliyekuwa namfikiria. Nilikosa yote miwili. Tulishinda hata hivyo.

Kesho yake asubuhi Mzee Haule alikuja nyumba ya wageni tulikofikia. Nilimwamkia, akaitikia "marahaba" akiwa bado mlangoni.

"Mama anasema harusi iko palepale," alisema. "Ila upeleke jogoo wa kuomba radhi, mwekundu, na usiende mwenyewe."

"Amekasirika?"

"Hakusema amekasirika. Alisema kitu kimoja tu, kwamba siku nyingine ukija kikazi utume habari mapema, ajue akae wapi."

Nikapeleka jogoo, nikaoa. Mimi niliondoka Songea na kombe, medali na mke. Yeye alibaki na jina. Kuanzia Jumatatu ile sokoni Majengo aliitwa Mama Mgongo. Wateja walimwita hivyo wakipima maharage, watoto walimwita hivyo wakikimbia, na walioanza kwa kumcheka wakazeeka wakiendelea kumwita bila kukumbuka asili yake. Mimi nilikuwa najua. Nikija likizo nilipita sokoni nikasikia, "Mama Mgongo, nipimie kilo," na mkwe hawezi kusimama sokoni kumtetea mama mkwe wake, maana hata kumtaja hapaswi. Niliinamisha kichwa nikapita. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kila mmoja wao alinisalimia mimi kwa furaha. "Ngongoti! Karibu nyumbani, bwana!"

Timu ilikuja kuvunjwa hata hivyo, miaka kadhaa mbele, siku ambayo shirika lenyewe liliuzwa. Mwajiri mpya alisoma karatasi yangu akanipeleka bohari. Nilikuwa na mvi kidevuni nikiwa bado nauliza misumari inakaa wapi. Msimamizi wa Bohari, mwanamke mpole niliyemzidi umri, alinifundisha bila kunicheka, nami nilifanya kazi ile kwa uaminifu mpaka nilipostaafu. Nikarudi na Skola kujenga Matogoro, si mbali na kwa mama yake, ingawa mlango wa nyumba nilihakikisha unatazama upande mwingine.

Kustaafu kuna ubaya mmoja: unapata muda wa kusikiliza sifa zako. Vijana waliponijia wakitaka uwanja upakwe rangi na kuandikwa jina langu, nilikataa wakadhani najivuna. Niliwaambia tu kwamba mimi nililipwa. Ukiniuliza leo kama kazi ile ilikuwa na faida, nitasema ilinilisha na kunitembeza, na goti langu la kushoto linajua ilichochukua. Kuhusu heshima, niliyonayo mimi ni ya kelele. Kuna heshima nyingine ambayo niliiona siku moja tu, na haikuwa yangu.

Msimu wa mvua uliopita mama aliteleza kwenye matope nyuma ya nyumba, akaumia nyonga. Mvua ilikuwa bado inanyesha, mchana, na barabara ya kwenda kwake ilikuwa imekatika. Bajaji iliyoitwa iliishia chini ya mteremko, dereva akasema hapandi. Wanawe wa kiume hawakuwepo, mmoja yuko Tunduru kwenye madini, mwingine Namtumbo kwenye tumbaku. Majirani walikuwa mashambani. Skola alinitazama.

"Mbebe."

"Mimi?"

"Kuna nani mwingine?"

"Skola, yule ni mama mkwe wangu."

"Najua ni nani, ndiye aliyenizaa mimi!" Alikuwa analia kwa hasira. "Umebeba makombe ya watu nchi nzima. Mama yangu humbebi?"

Niliingia nyumba ambayo sikuwahi kuvuka kizingiti chake. Nilimkuta amelala kwenye mkeka, khanga usoni. Nikasema "samahani" nikiwa nimeutazama ukuta, nikapiga magoti, goti bovu na lote, nikamnyanyua. Alikuwa mwepesi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona uwanjani, nikashuka naye ule mteremko hatua kwa hatua, Skola akiwa mbele anatuonyesha pa kukanyaga.

Tulipofika katikati, mvua ikapungua. Mama akaiondoa khanga usoni mwake. Tangu nimemfahamu nilikuwa sijamwona macho, na siku hiyo pia sikuyatazama, lakini nilijua kwamba yananitazama.

"Mkwe," alisema. Hakuwahi kuniita kwa mdomo wake.

"Naam, mama."

"Siku ile walipiga kelele sana. Nami sikuuliza mtu. Ulikuwa unafanyaje?"

Nilitaka kumwonyesha kiwiko kinavyokaa, kiganja kinavyokunjika, mkono unavyobaki juu. Lakini nilikuwa nimembeba kwa mikono yote miwili, na kazi yangu haielezeki bila mikono.